Paka shume wamejaa uani, baba mwenye nyumba anataka kuweka sumu. Naombeni njia nyingine

mpangaji_pasua
Habari za jioni wadau. Niko Moshi, Pasua, nimepanga kwenye zile nyumba za vyumba vingi wote tunatumia uani mmoja. Mbele yetu barabarani kuna bucha na mama ntilie wawili, kwaiyo mifupa na ukoko wa wali havikosekani, na paka shume nao wamejaa. Mwanzo walikuwa wa kupita tu usiku, sasa hivi wamehamia kabisa, wanazalia darini, usiku wakitafutana ile kelele utadhani kuna mtoto anafinywa, mkojo unanuka mpaka ndani. Jirani wa nyuma vifaranga vyake vinaisha na anasema ni paka wetu, mi namwambia hata mwewe yupo lakini nani anasikiliza.

Sasa baba mwenye nyumba katoa tamko, ananunua sumu anachanganya na dagaa amalize kazi. Wapangaji wengi wamefurahi. Mi roho inaniuma, alafu pale chini kuna watoto wadogo wanaokota kila kitu. Kuna dada chumba cha pili ni mjamzito, watu wamemwambia paka wanaharibu mimba, basi yeye ndo wa kwanza kushabikia sumu. Nimesikia Arusha kuna watu wanawafunga kizazi paka wa mtaani alafu wanawarudisha pale pale, ivi inasaidia kweli? Na unamkamataje paka ambaye ukimwangalia tu keshapanda ukuta? Nisaidieni kabla mzee hajaenda dukani.

Chuga_Halisi
Daah yani operesheni ya paka shume 😂 mkuu una hela za kuchezea. Tia kwenye kiroba kawaachie kwenye mashamba ya miwa kule TPC wakale panya, biashara imeisha.

mama_nyau_sakina
Chuga_Halisi ukiwatupa huko hujamaliza kitu. Hapa kwetu Sakina kuna mtu aliwabeba kwenye kiroba akaenda kuwamwaga mbele huko njia ya Namanga, hata hatujakaa sawa wakaja wengine, wachafu kuliko wale wa kwanza. Chakula kikiwepo paka watakuwepo, ukitoa hawa umewaachia nafasi wa mtaa wa pili, wanaingia wanakuta mifupa ya bure wanazaa mpaka wanajaa tena. Na hao uliowatupa wengi wanakufa kwa njaa au wanagongwa wakitafuta njia ya kurudi, maana paka anajua kwao. Ndo maana ukishamfunga unamrudisha pale pale ulipomtoa.

Mdogo wangu mpangaji, inasaidia, ila sharti ni moja, ufanye uani mzima kwa mkupuo. Ukifunga wawili ukaacha sita bora hela yako ungekula nyama choma. Jike anaweza kushika mimba ana miezi minne tu, bado unamuona mtoto, mimba yenyewe miezi miwili na siku chache, alafu anashika nyingine huku bado ananyonyesha. Wenzetu wa nchi za baridi mchana ukiwa mfupi paka wao wanapumzika kidogo, hapa kwetu mchana ni ule ule Januari mpaka Desemba kwaiyo hawana likizo. Kama hela haitoshi anza na majike wote. Dume mmoja mzima akibaki anawatosha majike wa Pasua nzima, kwaiyo kufunga madume peke yake ni kujichosha, ila jike akifungwa ni yeye na watoto wote ambao angezaa.

Kuwakamata sasa. Usiwakimbize, ukimkimbiza leo wiki nzima humuoni. Wapangie saa ya kula, mfano saa kumi na mbili jioni, sehemu moja, kila siku, na baada ya nusu saa unatoa masalia yote, usiache usiku maana utalisha panya. Wakishazoea wanakuja wenyewe wanakaa foleni, na hapo ndo unapata nafasi ya kuwahesabu vizuri, nani jike, nani ananyonyesha, nani mgonjwa. Piga na picha za simu, wale wa mistari wanachanganya sana. Alafu unaleta mtego, lile boksi la waya lenye mlango unaoanguka akikanyaga kibati cha ndani. Kwanza weka mlango ukiwa umefungwa kamba usianguke, wale humo humo siku kadhaa mpaka waone ni sehemu ya kawaida. Siku ya kazi chakula cha kawaida usiwape, weka dagaa wa kukaanga au samaki wa kopo kule mwisho kabisa nyuma ya kibati, akiwa na njaa anaingia. Akinasa tu funika mtego wote na kanga nzito au shuka, giza linamtuliza pale pale, ukimuacha wazi anajigonga mpaka pua inatoka damu. Na usiende kulala ukaacha mtego nje, unakaa karibu unaangalia.

Mkono hauingii ndani ya mtego hata aonekane mpole vipi.

fundi_dari
Mi nafanya kazi za dari hapa Moshi, naongea na baba mwenye nyumba kupitia uzi huu, mwonyeshe. Mzee wangu shikamoo. Sumu nyingi za panya haziui hapo hapo, zinafanya damu isigande, mnyama anakaa siku kadhaa ndo anakufa, na akijisikia vibaya anaenda kujificha kwenye giza. Giza la nyumba yako ni wapi? Darini. Juu ya jipsamu. Nimeitwa nyumba za watu hawalali kwa harufu, tunakata dari vipande vipande tunatafuta mzoga, funza wanadondoka kitandani, na kupiga dari upya pamoja na rangi ni hela ambayo ingefunga kizazi hao paka ikabaki. Hapo sijasema mbwa wa jirani akila huo mzoga au mtoto akiokota yule dagaa.

Matundu yazibwe, hasa pale bati linapokutana na ukuta, kwa waya wa kuku mara mbili na misumari. LAKINI kabla hujaziba panda uangalie na tochi kama kuna vitoto, kaa usikilize hata siku mbili tatu. Ukimfungia mama nje watoto wakabaki ndani atabomoa dari lote, alafu shida ya harufu ni ile ile.

vet_wa_mtaa
Mama Nyau kamaliza sehemu kubwa, naongezea upande wa matibabu maana watu wengi wanakosea hapa.

Tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa anayefanya upasuaji, sio kila anayechoma sindano ng'ombe anaweza kumfungua paka jike. Mpigie kabla, mwambie ukweli kwamba ni shume hashikiki, ili ajiandae kumchoma dawa ya usingizi akiwa bado kwenye mtego. Wapo wanaokataa, ujue mapema. Bei jadilianeni, ukipeleka wengi kwa siku moja mara nyingi anapunguza. Na ulizia mashirika ya wanyama, kwa Arusha kuna Mbwa wa Africa upande wa Usa River na kuna MAWO, hata wakiwa wamejaa kazi wanaweza kukuelekeza.

Mambo ya kumwomba daktari. Nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, kwa sababu huyu humkamati tena kwenda kutoa nyuzi. Chanjo ya kichaa cha mbwa hapo hapo akiwa amelala, hiyo usiiache, anaweza kupewa kuanzia miezi mitatu. Na ncha ya sikio la kushoto ikatwe kama sentimita moja, iwe imenyooka. Msishtuke, anakatwa akiwa usingizini na kinapona haraka, ni alama inayojulikana nchi nyingi kwamba paka huyu kashafungwa, vinginevyo mwakani mtamkamata mumpasue tena bure.

Paka mkubwa asile kuanzia usiku wa kuamkia upasuaji, ila vitoto usivinyime muda mrefu, masaa machache tu yanatosha. Kitoto kikifika kama kilo moja, hivi miezi miwili, kinaweza kufungwa. Jike mwenye chuchu zilizojaa maziwa ana watoto mahali, huyo ama umsubiri watoto waanze kula wenyewe ama mpange na daktari arudi kwa watoto haraka, lakini ukisubiri sana atakuwa kashashika nyingine.

Baada ya upasuaji abaki kwenye mtego uliofunikwa, sehemu kavu isiyo na upepo, dume mpaka kesho yake, jike siku moja mpaka mbili, akishachangamka na kula mfungulie pale pale mlipomkamata. Mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu baridi ya mlima inaua paka aliyetoka usingizini, chukua chupa ya maji ya moto uizungushie kitambaa uiweke nje ya waya karibu naye. Na tafadhali sana msimpe panadol kwa ajili ya maumivu. Kidonge kimoja kinaua paka. Zile dawa za kupe za mbwa nazo soma karatasi, zenye permethrin ni sumu kwa paka.

Kelele za majike zinaisha haraka, madume harufu ya mkojo na kupigana vinapungua taratibu, usitegemee kesho yake. Dume aliyehasiwa juzi anaweza bado kumpa jike mimba kwa wiki kadhaa.

nesi_mstaafu_majengo
Huyo dada mjamzito mwambieni atulie, mimba haiharibiki kwa kumuona paka wala kwa manyoya. Kuna kimelea kinaitwa toksoplazma, kinatoka kwenye mavi ya paka, na paka mwenyewe kwa kawaida anakitoa wiki mbili hivi tu pale anapoambukizwa mara ya kwanza. Mavi mapya bado hayaambukizi, mpaka yakae siku moja au zaidi. Kwaiyo mavi yaondolewe kila siku na mtu mwingine, sio yeye, mchicha aoshe vizuri kwa maji mengi, akishika udongo wa bustani anawe mikono. Na mishkaki ile ya nusu mbichi aache, watu wengi wanakipata kwenye nyama na wanamsingizia paka.

Watengenezeeni kona moja ya mchanga mkavu mbali na watoto wanapochezea, paka anapenda pa kufukia, akipata mchanga ataacha bustani. Halafu mtoto akiparuliwa au kung'atwa msipake majivu wala mafuta ya taa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Huo ugonjwa dalili zikishaanza hakuna dawa.

Chuga_Halisi
Sawa nimeelewa kuhusu sumu na dari, hiyo ya funza kitandani imeniingia 😅 ila niulize, sasa mkiwafunga si watabaki wale wale tu uani? Mzee anataka waondoke.

mama_nyau_sakina
Watabaki ndio, ila hawaongezeki, wanazeeka na kupungua wenyewe. Mtu akikuambia mwezi ujao uani utakuwa mtupu anakudanganya. Wale wadogo wasiozidi wiki saba nane bado wanazoeleka kwa watu, hao wachukueni mapema muwape wenye maduka, kwa mangi na stoo za mahindi wanagombaniwa, bora wafungwe kwanza. Lile zee la miaka mitatu usihangaike kulifanya la ndani, linateseka na wewe unateseka. Ila usimuahidi mwenye duka kwamba paka atamaliza panya buku, wale panya wakubwa paka wengi wanawapisha njia 😂

Kingine ambacho ni bure kabisa, ongea na bucha na hao mama ntilie. Pipa lenye mfuniko mzito, mifupa isikae nje usiku. Mkiendelea kumwaga utumbo nyuma ya ukuta hata mkifunga kizazi paka wa mkoa mzima wengine watakuja.

abuu_soweto
Tena mzee akumbuke kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama ni kosa. Na kama ni Muislamu mwenzangu mkumbushe hadithi ya yule mwanamke aliyemfungia paka bila chakula. Mi ningeanzia kwa mwenyekiti wa mtaa lakini, mzee akisikia kutoka kwa mwenyekiti atashika zaidi kuliko kwa mpangaji.

mpangaji_pasua
Asanteni sana jamani. Nimemsomea mzee ile ya fundi dari kakaa kimya, baadae kauliza waya wa kuku mita shilingi ngapi. Kasema ananipa mpaka mwisho wa mwezi ila hatoi hela ya daktari. Wapangaji wanne wamekubali kuchanga, mwenye bucha naye katoa kidogo na kasema pipa atanunua, yule wa vifaranga kagoma. Nimeshaanza kuwalisha saa kumi na mbili, nahesabu majike matano na mmoja nahisi ananyonyesha. Shida yangu sasa ni mtego, fundi wa kuchomelea hapa hajawahi kuutengeneza anataka kuona mfano. Nani anao Moshi mjini wa kuazima?

vet_wa_mtaa
Ninao wawili, mmoja mlango unakwama kidogo upake mafuta. Njoo inbox. Unaacha kitambulisho maana wa tatu uliazimwa ukaenda kukamatia kanga.