MREJESHO: Mbwa wa jirani aliyeng'ata mtoto, auawe au afungwe?

Wakuu, nilileta swali hilo hapa. Afisa mifugo wa kata kasema asiuawe. Afungwe bandani siku 10, ahudumiwe na mtu mmoja. Kama mate yake yalikuwa na virusi vya kichaa cha mbwa siku ya kung'ata, ataugua au kufa ndani ya muda huo: sauti inakwaruza, taya inalegea, udenda unachuruzika. Akifa, kichwa kisipondwe, kipimo kinahitaji ubongo. Cheti cha chanjo hakifuti karantini, hata jirani akipunge vipi.

Mtoto hasubiri mbwa: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, sindano zianze siku hiyohiyo. Mbwa akimaliza siku 10 akiwa mzima, daktari anaweza kusitisha zilizobaki.