Sahani za Idi: gumzo la kikundi cha Nyumba ya Kikwajuni

*Jumamosi, baada ya tarawehe*

Mwanakheri: Assalaam alaykum nyote. Tumeshaingia kumi la mwisho la Ramadhani na kila mtu ananiuliza kwa simu yake nani anapika nini. Nina shauri. Idi iliyopita nyumba nne zilipika biskuti za nazi, na visheti havikuonekana popote. Safari hii kila nyumba ichukue kitu kimoja, ikipike kwa wingi, kisha tugawane.

Wifi Asha: Waalaykum salaam. Hapo umenena. Mie nilipika aina tano, usiku wa Idi miguu imevimba na kanzu za watoto hazijapigwa pasi.

Shangazi Zuwena: Tugawane vipi? Nifafanulie mwanangu.

Mwanakheri: Tuko nyumba saba, shangazi. Kila nyumba inapika vipande 140. Inabaki na 20, zile sita nyengine inazipa 20 kila moja. Basi kila mtu anaweka mezani aina saba, na moto kauwasha kwa kitu kimoja tu.

Kaka Khamis: Visheti nachukua mimi. Navipika huku huku Dar, nakuja navyo kwenye boti. Visheti havina haraka, vikifungwa vizuri hata wiki mbili vinakaa.

Shangazi Zuwena: Mashaallah. Ila Khamis, mafuta yasiwe ya moto sana. Ukiona kisheti kinabadilika rangi mara tu kinapoingia, ujue nje kitaungua na ndani kitabaki unga.

Kaka Khamis: Sawa shangazi. Shira yangu ni sukari vikombe viwili kwa maji kimoja, na hiliki. Naichemsha mpaka nikiibana kwa vidole viwili ivute uzi. Hapo naimimina juu ya visheti na kugeuza bila kusita mpaka sukari ikauke nyeupe.

Wifi Asha: Hapo kwenye kugeuza ndipo wengi wanapochoka mapema, vikabaki vinanata. Endelea mpaka vigongane kwenye sufuria kama kokoto.

Kaka Khamis: Nimekupata wifi.

Salma: Mamdogo Mwanakheri, mimi natoka kazini saa 11 jioni, nafika nyumbani kufuturisha. Naweza kununua maboksi ya biskuti dukani nikachangia hivyo?

Shangazi Zuwena: Salma mwanangu, kazi tunaijua na hakuna anayekulaumu. Lakini biskuti ya dukani kila mmoja wetu anaweza kuinunua. Kinachokwenda nyumba kwa nyumba ni mkono wa mtu. Wewe chukua kashata za nazi. Usiku mmoja baada ya tarawehe zinatosha, hazitaki oveni.

Salma: Kashata naziweza shangazi. Nachukua. Za nazi na za karanga?

Wifi Asha: Za karanga naomba tuzungumze. Mtoto wangu mdogo karanga zinamdhuru, mnajua. Idi ile alikula kipande kidogo, midomo ikavimba tukakimbia naye hospitali.

Mwanakheri: Basi karanga hazimo kwenye mgao. Hilo limekwisha.

Shangazi Zuwena: Anayetaka za karanga apike zake, azile kwake. Na Salma, hata mwiko na sinia uliyotumia kwa karanga usiitumie kwa kashata hizi. Kuosha kwa harakaharaka hakutoshi.

Wifi Asha: Ahsanteni sana. Hamjui mmenitua mzigo gani. Siku ya Idi huwa nakaa namfuata nyuma kila anapoingia.

Mwanakheri: Na tuandike karatasi ndogo juu ya kila kopo: jina la kitu na kilichomo. Lozi nazo ziandikwe.

Rukia (Muscat): Assalaam alaykum. Nimesoma yote sasa hivi, huku tumechelewa kutoka msikitini. Nafika Unguja tarehe 28 Ramadhani inshaallah. Vipande 140 siwezi kusafiri navyo, lakini nitakuja na halua kutoka huku, na zaafarani kidogo.

Shangazi Zuwena: Halua ya Oman! Hiyo haina haja ya kuhesabiwa vipande. Tutaikata kwenye kahawa asubuhi ya Idi.

Rukia (Muscat): Na ipikwe na nani nyumbani, shangazi? Wanga, sukari, samli, saa na saa unakoroga sufuria bila kuachia mwiko. Huku nako watu wengi wananunua kwa wapishi wake.

Mwanakheri: Tunaweka hivi: Rukia halua, Khamis visheti, Salma kashata za nazi. Wifi Asha?

Wifi Asha: Biskuti za nazi niachieni mimi. Mnazijua zangu.

Mwanakheri: Mimi biskuti za tende. Mama Nadhif amenipigia, anataka mkate wa ufuta, nikamwambia huo si wa mgao, ni wa kuliwa siku yake. Amekubali kupika tambi za dengu. Tulizidiwa na tamu mno, kitu cha chumvi kinahitajika.

Kaka Khamis: Tambi! Hapo umefanya la maana.

Mwanakheri: Bado vileja.

Salma: Vileja ni vya Bibi.

Shangazi Zuwena: Bibi mikono inamuuma. Navipika mimi, yeye akae kitini anisimamie. Na ndivyo anavyotaka.

*Jumapili*

Salma: Shangazi, naomba kipimo cha vileja hapa kikundini. Kila mwaka nakula, sijawahi kukiandika.

Shangazi Zuwena: Unga wa mchele nusu kilo, sukari robo, samli robo, mayai matatu, hiliki iliyotwangwa siku hiyo kijiko kimoja cha chai, beking pauda nusu kijiko cha chai. Inatoa kama 45. Kwa hiyo kwa mgao wetu nitazidisha mara tatu na kidogo.

Shangazi Zuwena: Lakini kipimo si kitu peke yake. Vileja vinaharibika kwenye unga na kwenye samli. Unga wa mchele hauna ule mnato wa unga wa ngano, kwa hiyo hakuna kinachoushika ila samli na yai. Ukiwa na chengachenga, kileja kinapasuka kingo na ukikishika kinabomoka kabla hakijafika mdomoni.

Wifi Asha: Mie nanunua unga wa pakiti.

Shangazi Zuwena: Wa pakiti unafaa ukiuchekecha. Mimi naosha mchele, naueneza kwenye sinia kivulini mpaka ukauke kabisa, napeleka mashine, kisha nachekecha mara mbili. Harufu yake ni nyengine kabisa.

Salma: Na samli?

Shangazi Zuwena: Samli na sukari unavisuga kwa mkono kwanza, peke yake. Usiharakishe hapa. Mwanzo utasikia sukari inakwaruza chini ya vidole, rangi ni ya njano. Endelea mpaka mkwaruzo uishe na samli iwe nyeupe, nyepesi, imejaa hewa. Ndipo utie yai moja moja, hiliki, na unga kidogo kidogo. Yai la tatu usilitie lote mpaka uone kama unga unalihitaji. Ukiminya donge kiganjani likashikana bila kunata, acha hapo.

Mwanakheri: Bibi yuko hapa ananiambia niandike: "Mwambie asivitie rangi ya kuungua. Kileja kitoke cheupe, chini tu kiwe na rangi kidogo. Na asivishike vikiwa vya moto, avifunike kitambaa aviache kwenye bati mpaka vipoe."

Shangazi Zuwena: Naam. Vya moto vinavunjika vyote. Vikipoa vinajishika vyenyewe.

Rukia (Muscat): Zaafarani nitakayoleta iloweke kwenye maji ya waridi, doa moja katikati ya kila kileja kabla ya kuchoma. Ndivyo alivyokuwa akifanya Bibi tulipokuwa wadogo.

Mwanakheri: Rukia, unafika 28. Mwezi ukiandama usiku wa 29, Idi ni kesho yake. Vileja vitapikwa 27.

Rukia (Muscat): Basi nampa mtu anayesafiri kesho kutwa. Itafika kabla yangu.

Wifi Asha: Na umeme ukikatika siku ya 27? Wiki hii mtaani kwetu umekatika jioni mara kwa mara.

Mwanakheri: Bibi anajibu: "Sisi tulipika vileja kabla hatujaona oveni. Sufuria kubwa, mchanga chini, bati juu ya mchanga, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini."

Kaka Khamis: Seredani ya Bibi, lile jiko la makaa, ipo bado ukumbini?

Mwanakheri: Ipo. Nitaifuta vumbi na kununua makaa.

*Jumatatu usiku*

Mwanakheri: Jamani, Bibi ana neno. Nimemsomea mipango yote tangu mwanzo hadi mwisho, akasikiliza, akauliza: "Na sahani za majirani?" Nikamwambia huu ni mgao wetu wa nyumba saba. Akasema: "Tangu lini Idi ya nyumba hii ikaishia ndani?"

Shangazi Zuwena: Kweli kabisa. Mama Neema hapo chini kila Krismasi analeta maandazi na pilau, na sahani yetu kwake haijawahi kurudi tupu. Mzee wa duka la mwanzo wa mtaa naye, tangu afiwe na mkewe hapikiwi na mtu.

Wifi Asha: Na wale vijana wanne waliopanga chumba cha nyuma, wametoka Pemba kuja kusoma, Idi hii hawaendi kwao.

Kaka Khamis: Mwanakheri hesabu yako ni nzuri, ila iongezewe.

Mwanakheri: Naikubali kwa moyo wote, na nashukuru Bibi kaiona mapema. Tuhesabu nyumba ya nane. Kila mmoja apike 160, ile 20 ya nyongeza iletwe kwa Bibi. Tutapanga sahani hapo, majirani wote wapate aina zote, si mabaki ya mwisho.

Salma: Mimi naweza kuzipeleka sahani baada ya Sala ya Idi, na watoto. Ndivyo wanavyopata mkono wa Idi pia.

Shangazi Zuwena: Wapeleke asubuhi mapema kabla hawajakwenda kwenye sikukuu Mnazi Mmoja, wakishakwenda huko huwapati tena.

Wifi Asha: Kaimati je? Idi bila kaimati?

Shangazi Zuwena: Kaimati haziingii kwenye makopo. Zikilala zinalegea. Nitaumua unga kwa hamira alfajiri, nikaange mkirudi kusali, mle zikiwa na shira ya moto.

Kaka Khamis: Na zakatul fitri isingoje hekaheka za jikoni. Itolewe kabla ya Sala. Nitatuma yangu na ya watoto kwa shangazi kesho.

Shangazi Zuwena: Nakungoja. Na Asha, makopo yako yafunike baada ya biskuti kupoa kabisa. Ukifunga za uvuguvugu zinatoa jasho, siku ya Idi zote zimelainika.

Wifi Asha: Sawa shangazi. Nitachoma Jumatano usiku, nifunge Alhamisi asubuhi.

Mama Nadhif: Samahanini, simu ilikuwa kwa mtoto. Nimeona. Tambi 160 sijui nitazihesabuje 😊 nitafunga mifuko minane inayolingana.

Mwanakheri: Hivyo hivyo Mama Nadhif.

Bibi (ujumbe wa sauti, umeandikwa na Mwanakheri): "Wanangu, sahani za majirani tumieni zile za maua zilizomo kabatini, msitumie za plastiki. Na juu mfunike kwa kawa. Kawa zangu tatu ziko kwa Asha tangu arusi."

Wifi Asha: Zipo Bibi, zimehifadhiwa. Nakuletea kesho na futari.

Salma: Naenda sokoni Darajani kesho baada ya kazi kununua nazi na hiliki. Hiliki nani mwengine anataka?

Shangazi Zuwena: Niletee robo. Chagua za kijani, uivunje moja uone mbegu, ziwe nyeusi na zinanata. Zikiwa kavu za kijivu waachie.

Kaka Khamis: Mimi nina zangu Dar.

Wifi Asha: Nazi nne, Salma. Zitikise kwanza.

Salma: Nazi nne za wifi, hiliki robo ya shangazi. Pesa nitumieni kabla ya saa 10.