Valvu ya kutolea moshi imebana kwenye 1NZ: tubadili tapeti tu au tufungue hedi (kichwa cha injini)?

Dereva wa IST
Wadau, habari za kazi. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE iliyofungwa mfumo wa gesi asilia, ninayoifanyia teksi Dar es Salaam. Kila asubuhi inatikisika mpaka ipate moto, na ingawa plagi na koili ni mpya, kompresheni ya silinda ya 3 iko chini kuliko nyingine. Fundi amepitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi, akakuta valvu moja ya kutolea moshi ya silinda hiyo ina nafasi ya milimita 0.08. Anashauri tubadili tapeti, yaani kikombe kilicho kati ya valvu na kamshafti (shafti inayosukuma valvu), lakini nashangaa kwa sababu injini haigongi hata kidogo.

Fundi Hedi
Ndugu, kutogonga huko ndiko kunakonitia wasiwasi. Nafasi ya valvu hiyo inatakiwa kuwa kati ya 0.25 na 0.35. Siti, yaani pete ambayo valvu huikalia ikifunga, inapolika, valvu hupanda kuelekea kwenye kamshafti na nafasi hupungua, hadi injini ikipata moto valvu haifungi sawasawa. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya joto la valvu hutoka kupitia siti, isipokaa vizuri huungua. Magari ya gesi hupata sana tatizo hili, kwa sababu gesi huingia ikiwa kavu.

Kabla ya kununua chochote, tapeti itolewe na ipimwe unene kwa maikromita. Chukua unene huo, ongeza 0.08, toa 0.30, upate unene wa tapeti mpya. Nyembamba kuliko zote za injini hii ni 5.06.

Mzee wa Karakana
Naongezea kwamba hedi ikifunguliwa, kila valvu ichomekwe kwenye katoni lenye matundu yaliyoandikwa namba, maana sehemu zilizozoeana hazichanganywi. Shina la valvu lipimwe juu, katikati na chini, kisha kipimo kilinganishwe na tundu la bushi yake (mrija unaoliongoza shina); upande wa kutolea moshi, tofauti ikizidi 0.10 haifai tena. Springi isimamishwe kwenye kioo bapa kando ya skwea, na ile iliyolalia upande kupita kiasi itupwe.

Dereva wa IST
Nashukuruni sana, wakuu. Tapeti ilikuwa 5.20, kwa hiyo tulihitaji ya 4.98, ambayo haipo, nasi tukafungua hedi. Ukingo wa valvu umeliwa kama kipande cha kucha, na siti yake imezama kuliko ya jirani yake. Valvu nyingine za kutolea moshi zilikuwa na nafasi kati ya 0.17 na 0.21.

Fundi Hedi
Basi zote zilikuwa njiani. Badilisha siti zote za kutolea moshi kwa za chuma kigumu, valvu iliyoungua usiisugue bali weka mpya, na nafasi zipimwe tena baada ya kilomita 10,000.