Doria ya kuni na askari wa kike: inafanywaje hadi isaidie kweli?

Mkufunzi_Nakaseke

Hamjambo wote. Naandaa somo la siku mbili kwa masajini na maafisa wadogo wanaojiandaa kwenda kulinda amani. Sehemu ya kulinda wanawake imejaa maazimio ya Baraza la Usalama: 1325 la mwaka 2000, 1820 la 2008 na yaliyofuata. Hayo wanayakariri vizuri. Lakini sajini akiulizwa atafanya nini saa 12 asubuhi kwenye lango la kambi ya wakimbizi wa ndani, ananyamaza.

Naomba maelezo ya vitendo. Doria ya kuni, yaani kuwasindikiza wanawake wa kambi wanapokwenda kuokota kuni, inaendeshwaje, na kwa nini huharibika? Pili, askari wa kike ndani ya kombania watumikeje bila kuishia jikoni na kwenye ukarani?

Akiki_FortPortal

Afande mwalimu, anza na kuni, maana ndiko watu wanakoumia. Darfur wanawake walishambuliwa nje ya kambi wakiokota kuni, hadi walinda amani wa Umoja wa Afrika wakaanza kuwasindikiza. Kazi yenyewe huanza kabla ya mtu kuvaa buti. Kaa na wawakilishi wa akina mama wenyewe, si mwenyekiti wa kambi peke yake. Mkubaliane siku, saa ya kutoka, njia, mwisho wa umbali, ishara ya kurudi, na jinsi watakavyoarifiwa ikiwa doria haiji. Hili la mwisho husahaulika, nalo ndilo linalovunja imani. Doria ikichelewa saa mbili utakuta akina mama wameshakwenda peke yao. Watoto wanangoja kula.

Gawa doria mafungu matatu. La mbele likague njia na mahali pa kuokotea. La kati lisimame pembezoni, macho yakitazama nje porini, si kuwatazama wanawake. La nyuma lirudi na mwanamke wa mwisho. Huyo wa mwisho kwa kawaida ni bibi, au mjamzito, au mwenye mtoto mgongoni. Kamanda anayefuata saa yake badala ya kumfuata huyo amemwacha yule yule aliyehitaji ulinzi. Wahesabiwe wakitoka, wahesabiwe wakirudi.

Makosa ya kila mara: askari wanabaki ndani ya magari barabarani, kuni ziko bondeni kilomita mbili. Tena ratiba ya Jumanne na Ijumaa hata wavamizi wanaijua, basi wanavizia Jumatano. Msibadilishe siku za akina mama ovyo, ila siku nyingine pitisheni doria za ghafla kwenye njia zile zile.

Na hili liseme bila kuzunguka: askari hapokei chochote kwa kusindikiza. Waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa 2003 unakataza kutoa pesa, kazi, bidhaa au huduma ili kupata ngono. Unakataza pia ngono na aliye chini ya miaka 18, sheria ya nchi ile isemeje, na kudai "nilidhani ni mkubwa" si utetezi. Anayeona akanyamaza naye amevunja waraka, maana kuripoti ni wajibu.

Nesi_Kyegegwa

Naongeza la afya, kwa sababu hapa muda ndio kila kitu. Aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, na anazimeza siku 28. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura hutolewa ndani ya saa 120, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyofanya kazi. Basi kila kiongozi wa doria awe na karatasi mfukoni: kituo cha afya kilicho karibu chenye dawa hizo, namba ya simu, na nani anapokea usiku. Karatasi ihakikiwe kila mwezi, maana dawa huisha na vituo huhama.

Askari si mpelelezi. Aulize tu kama mama ameumia, kama pale alipo ni salama, na kama anataka kupelekwa hospitali. Asimpige picha, asiandike jina lake kwenye ripoti ya doria, asimlazimishe kwenda polisi. Wala msiende nyumbani kwake. Gari jeupe lenye herufi nyeusi za UN likisimama mlangoni, kijiji kizima kimeshajua.

Inspekta_Arua

Swali la pili. Umoja wa Mataifa umejiwekea malengo ya mwaka 2028: wanawake asilimia 15 kwenye vikosi vya jeshi, 25 kwa waangalizi na maafisa wa makao, 20 kwa vikosi kamili vya polisi, 30 kwa polisi wanaokwenda mmoja mmoja. Ujumbe wa Somalia ni wa Umoja wa Afrika, usiuchanganye na malengo hayo darasani.

Kwa polisi, kikwazo kikubwa mara nyingi ni usukani. Mtihani wa kuchaguliwa kwenda misheni una lugha, kuendesha gari na shabaha, na dada zetu wengi kazini hawapewi gari. Wapewe gari la gia za mkono wiki kadhaa kabla, warudi nyuma kati ya vigingi hadi wazoee. Jeshini angalia vesti ya risasi: ikiwa kubwa, kitako cha bunduki hakikai begani. Vyoo na bafu vyenye komeo la ndani na taa, pedi kwenye orodha ya vifaa. Hayo ni madogo kwa anayeyasoma, si kwa anayeishi nayo mwaka mzima.

Naomba tu usifundishe kwamba ulinzi wa wanawake ni kazi ya askari wa kike. Ni kazi ya kombania nzima. Faida yao huonekana wakiwa ndani ya doria yenyewe, wawili au zaidi, si mmoja wa kupigwa picha.

Mkufunzi_Nakaseke

Asanteni sana. Na mkalimani? Wengi wetu tunadhani Kiswahili kinatosha Kongo.

Akiki_FortPortal

Kinasaidia, lakini kina mitego. Mama wa Kivu akisema "walinikamata kwa nguvu", huweza kuwa anasema alibakwa, na afande akaandika "alitekwa". Somalia ni lugha nyingine kabisa. Kwenye mji wa Barawa wapo wanaosema Chimwini, ndugu wa Kiswahili, ila usipange doria kwa kutegemea hilo.

Tafuta mkalimani wa kike asiye wa ukoo wa chifu. Mkutane baada ya soko na kabla ya kupika, vua kofia ya chuma na miwani ya jua, kaa chini. Usiulize "mko salama?", watajibu ndiyo. Uliza ni njia gani wameacha kuipita, na tangu lini. Zoezi hilo liweke siku ya kwanza asubuhi, kabla ya maazimio.