Mjadala: Syed Mujtaba Ali alijipunja kwa kuandika vichekesho?

Msomaji wa Usiku
Nimemaliza kitabu cha Kabul cha Syed Mujtaba Ali, yule Mbengali wa Sylhet. Nimekisoma kwa tafsiri, Kibengali sina. Nimecheka mpaka mke wangu akatoka chumbani kuniuliza kulikoni. Ila swali limenibaki. Huyu bwana kasoma Santiniketan, chuo cha mshairi Tagore, kafundisha Kabul kuanzia 1927, kachukua shahada ya udaktari Bonn, Ujerumani, kapita Al-Azhar, kawa profesa Baroda, India. Lugha anazijua zaidi ya kumi. Halafu wino wote ukaishia kwenye soga na vichekesho! Hakujipunja kweli? Msomi wa aina ile si angetuachia jambo zito? Karibuni.

Kipanga
Nani kakwambia kuchekesha ni kazi nyepesi? Hebu jaribu wewe hapa tukuone. Mle kitabuni mna mfalme wa Afghanistan, Amanullah, anayewavisha watu suti kwa amri, na mtoto wa mchota maji anayeiteka Kabul Januari 1929 na kukalia kiti cha ufalme. Hiyo ni historia, mzee. Umemezeshwa huku unacheka, ndiyo maana unadai hukupewa kitu.

Bint Darajani
Mie nilikufa pale mpishi wake Abdur Rahman anapomwandalia mlo wa kwanza. Mlaji mmoja, chakula cha harusi, na bado mpishi anamtuliza kwamba jikoni kimebaki kingine. Nina wifi yangu Pemba hivyohivyo.

Mjukuu wa Nahodha
Na huo udaktari wa Bonn mnajua aliandikia nini? Makhoja, wale Waislamu wa asili ya Kihindi! Asili yao na dini yao. Haya, Mjerumani wa watu anasomeshwa habari za wenye maduka. Mombasa nzima tunawajua: mizani, daftari la madeni, basi. Kwa kweli alifanya vizuri kukimbilia vichekesho.

Mwana wa Kiponda
Weye Mjukuu wa Nahodha, shika adabu yako. Ile dispensari ya zamani hapa Unguja, yenye roshani za mbao ambazo nyote mkija mnapigia picha, fedha katoa Tharia Topan, Khoja. Huyohuyo aliishika forodha ya Sultani. Wazee wetu walikuwa Walohana, Wahindu wafanyabiashara, wakasilimishwa na mapiri, walimu wa dini waliowafunza kwa ginani, yaani nyimbo za dini, wakavuka kutoka Kutch, India, kwa majahazi. Kuna watu hawana hata robo ya historia hiyo. Na daftari unalikumbuka sana, bila shaka jina la babu yako lilikuwamo.

Mjukuu wa Nahodha
Babu yangu alikuwa na chombo chake, hakumkopa mtu. Na maadamu umemtaja Topan, malizia basi: nani alikuwa akimkopesha Tippu Tip mtaji wa misafara? Msituletee roshani za mbao hapa.

Bint Darajani
Lo!

Mwana wa Kiponda
Topan kaishika forodha baada ya 1873, biashara ya watumwa baharini imeshapigwa marufuku. Soma kwanza.

Mjukuu wa Nahodha
Mimi nimeuliza mkopo, wewe unanijibu forodha.

Halua Tamu, Muscat
Kwa kuwa mmefika forodhani, mnaikumbuka hadithi ya Mujtaba Ali ya rasogolla, vile vitamu vya Kibengali vya kwenye shira? Jhandu-da anateremka Italia na kopo la rasogolla, amempelekea mtu. Afisa wa forodha anang'ang'ania lifunguliwe. Jamaa analifungua, anawalisha abiria wote waliopo, kisha anamkamata yule afisa na kumsokomeza rasogolla usoni. Mimi nilifunguliwa kopo la halua ya Wete kwenye uwanja mmoja huko Ulaya. Nilisimama kimya kama mwanafunzi aliyechelewa, na halua ikaenda.

Kipanga
Halua ya Wete, na wewe uko Muscat? Wenyeji wako wanajua?

Halua Tamu, Muscat
Wakijua nitarudishwa kwetu.

Ustaadhi Mtoro
Hadithi mbili za chakula na ugomvi wa maduka. Ndiyo ushahidi kwamba si mwandishi mzito.

Kipanga
Ustaadhi, wewe unapima uzito kwa kilo. Novemba 1947 Pakistan haijamaliza hata miezi minne, yeye kasimama Sylhet anatetea Kibengali kiwe lugha ya dola kule Pakistan ya mashariki, Bangladesh ya leo. Baadaye, akiwa mkuu wa chuo Bogra, serikali ikamtaka ajieleze kwa makala yenye hoja hiyohiyo. Akaacha kazi, akahamia India. Risasi za Dhaka juu ya lugha hiyo zilikuja Februari 1952. Wenzake wangapi wenye vitabu vizito walithubutu mapema hivyo?

Ustaadhi Mtoro
Kwa hiyo alikimbia.

Kipanga
Wewe ungebaki?

Msomaji wa Usiku
Ndugu zangu, mimi nilichouliza ni kama Wabengali wenyewe wanamhesabu.

Bint Darajani
Hukuuliza hivyo, lakini haya. Wabengali wa upande upi? Kazaliwa Karimganj 1904, mpaka ulipochorwa 1947 Karimganj ikabaki India, Sylhet ikaenda Pakistan. Miaka mingi yeye yuko India, mke na watoto Dhaka. Bangladesh ilipojitenga ndipo akarudi, akafia Dhaka Februari 1974. India walimpa tuzo ya Narsingh Das kwa hicho kitabu cha Kabul, Bangladesh wakampa nishani ya Ekushey Padak mwaka 2005, marehemu keshalala miaka thelathini. Watoto wao shuleni wamesomeshwa maandishi yake. Mtu anayegombewa na nchi mbili wewe unamuulizia kama anahesabiwa?

Ustaadhi Mtoro
Abunuwasi naye anagombewa na nchi nyingi.

Mwana wa Kiponda
Bado nasubiri Mjukuu wa Nahodha atuombe radhi.

Mjukuu wa Nahodha
Radhi ya nini, nimeuliza swali hukujibu. Hiyo tasnifu ya Makhoja yenyewe ipo? Nataka kuona kamwandika vipi huyo Topan.

Mwana wa Kiponda
Ilichapwa 1936. Ninayo. Kwa mkopo hatutoi.