Hosteli ya wanafunzi Mukuru: nimwache alale huko?

Mama Chapo
Hamjambo. Nalea mtoto wa marehemu kaka yangu, yuko gredi ya tisa. Tunakaa mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, chumba cha mabati futi 10 kwa 10, watu 6. Nyuma ya ukuta kuna baa, na muziki ukipanda hata vikombe vinatetemeka. Stima ikipotea, na hapa hupotea, mtoto huchukua kitabu akasimame chini ya mulika mwizi, ile taa ndefu ya mtaani. Msichana wa miaka 14, saa nne usiku! Mimi saa kumi alfajiri nakanda unga wa chapati, kwa hivyo kumsubiri siwezi.

Sasa kuna hosteli ya kanisa wanataka kumchukua. Ataendelea na shule yake ya kutwa, jioni arudi huko ale, asome mezani penye taa, alale. Hela hawaitishi, ila godoro na ndoo. Roho yataka, roho yakataa. Mamangu anasema natupa damu yetu. Mliopitia, niambieni.

Binti wa Githeri
Shangazi, nililala hosteli miaka minne. Githeri tulikula mpaka nikajua maharagwe kwa sura. Lakini zile saa mbili za kusoma kila jioni, bila mtu kunituma maji, ndizo zilinipitisha.

Kigumu kilikuwa likizo. Nilirudi nyumbani Desemba, mdogo wangu akanipa chai kwa kikombe cha wageni. Sikuinywa. Mchukue kila Jumamosi, asukume chapati na wenzake, achapwe maneno kama wao.

Jirani wa Pipeline
Mimi siafiki. Shule ya msingi haina karo tangu 2003, lakini meza na taa nani ametuletea? Pesa za kuendesha hosteli zingelipia familia kodi ya chumba cha pili, mtoto abaki kwao.

Mama Chapo
@Jirani, chumba cha pili ni cha mwenye baa.

Mzee wa Kujitolea
Nimesaidia ofisi ya watoto mtaani kwa muda. Mama, omba karatasi za usajili. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto tangu Novemba 2017, kwa hivyo mtu akikwambia "hii ni hosteli tu", usiishie hapo, huenda anakwepa usajili. Uliza nani analala na wasichana na ufunguo unashikwa na nani. Uliza kama picha yake itatumwa kwa wafadhili. Halafu fika siku ambayo hukusema unakuja. Wakikuzuia mlangoni, geuka urudi na mtoto wako. Ukiona la kukutia shaka baadaye, piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure.

Mama Chapo
Nilifika Jumanne bila kupiga simu, nikiwa bado na unga mikononi. Matroni alinifungulia bila maneno mengi. Meza nimeziona, taa zinawaka, na kuna betri ya stima ikipotea. Karatasi alinionyesha, nimezipiga picha nimpelekee chifu azitazame. Ufunguo anaufunga kiunoni.

Ila choo cha wasichana hakina komeo kwa ndani, wamefunga kamba. Nimewaambia waweke komeo kwanza, godoro nitaleta baadaye. Mtoto amenuna tangu jana. Alikuwa ameshapanga vitabu kwenye ndoo.