Naomba ushauri: ruzuku ya kuhifadhi hati na vifaa vya kale vya madrasa, Pangani

MwanaPangani

Assalaam alaykum ndugu zangu, na kwa wengine wote habari za leo.

Mimi ni katibu wa kamati ndogo ya familia na majirani hapa Pangani. Tunatunza vitu alivyoviacha mwalimu wa madrasa aliyefariki kabla ya Uhuru. Vilivyo vingi ni vitabu na hati za mkono kwa herufi za Kiarabu, baadhi kwa lugha ya Kiarabu na baadhi kwa Kiswahili: vitabu vya fiqhi na vya maulidi, tenzi, barua za biashara baina ya watu wa hapa na jamaa zao wa Unguja na Mombasa, na hati za mauziano ya mashamba ya minazi. Zaidi ya hivyo kuna picha za zamani, sanduku la njumu, taa za mafuta na vibao walivyoandikia wanafunzi. Vyote vimo katika chumba kilichoungana na madrasa, ambacho paa lake huvuja kila masika, na mchwa wameshafika rafu ya chini.

Nia yetu ni kujenga jumba dogo la makumbusho ili vijana na wageni waione historia ya mji huu. Tumeandika barua kwa balozi kadhaa na kwa kampuni moja kubwa tukiomba msaada, lakini hatukujibiwa. Sasa amejitokeza mtu anayejiita mshauri wa miradi, anayesema kwamba atatupatia ruzuku kutoka Ulaya iwapo tutamlipa kwanza asilimia 10 ya kiasi tutakachoomba.

Naomba mnisaidie katika mambo haya: ni nani hasa hutoa ruzuku kwa mikusanyiko kama huu wetu, je, wanagharamia majengo, ni lazima tuwe tumesajiliwa, na huyu bwana tumlipe au tumwache?

Mkutubi

Wa alaykum salaam, Katibu. Nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo la haraka: msimlipe. Wafadhili ninaowafahamu katika uwanja huu hawatozi ada ya maombi, na mtu anayedai sehemu ya fedha ambazo hazijapatikana hana cha kupoteza ombi likikataliwa. Mkihitaji mwandishi, mlipeni kwa kazi ya kuandika, kwa bei mliyokubaliana, na andiko libaki mali yenu.

Barua zenu nadhani hazikujibiwa kwa sababu zimebeba maombi matatu katika bahasha moja: jengo, hati na vifaa. Kila kimoja kina mlango wake, na mlango wa jengo ndio mwembamba kuliko yote. Kwa hati, mahali pa kwanza pa kuangalia ni Endangered Archives Programme, iliyo chini ya British Library mjini London na inayogharamiwa na mfuko wa Arcadia tangu mwaka 2004. Programu hii hulipia kupiga picha za kidijitali za nyaraka zilizo hatarini, hasa za kabla ya katikati ya karne ya 20, na ina ruzuku ndogo ya majaribio ya hadi pauni 15,000 ambayo lengo lake ni kuchunguza mkusanyiko, kuuorodhesha na kupiga picha za sehemu yake. Hiyo ndiyo saizi yenu. Ruzuku kubwa hufika pauni 150,000, ila sishauri mtu aanze nayo. Mwito hutoka mara moja kwa mwaka, na maombi hupita hatua mbili, yaani muhtasari kwanza na andiko kamili kwa watakaoitwa. Haijengi nyumba, hainunui hati, na haigharamii ukarabati wa vitabu zaidi ya mahitaji madogo kama masanduku ya kuhifadhia. Picha zenu, kama zilizo nyingi ni za karne ya 20, zinaweza kufaa zaidi kwa programu dada, Modern Endangered Archives Program ya maktaba ya chuo kikuu cha UCLA, Marekani, ambayo nayo hugharamiwa na Arcadia.

Mfuko wa Balozi wa Marekani wa Kuhifadhi Utamaduni, ulioanzishwa mwaka 2001, ulisaidia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na watu wengi huukimbilia kwa sababu hiyo. Masharti yake yamekuwa yakikataa mali inayomilikiwa na watu binafsi, na pia yakikataa kudijitisha peke yake pasipo kazi ya uhifadhi. Kwa hiyo familia inayoandika kwa ubalozi ikisema «mkusanyiko wetu» imejifungia mlango kwa neno hilo moja. British Council nao wana Cultural Protection Fund, ulioanza mwaka 2016 kwa ajili ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya vita na baadaye mabadiliko ya tabianchi, na Tanzania imekuwa miongoni mwa nchi zake. Bahari inavyoila Pangani mnayo hoja ya kweli hapo, lakini mfuko huo haupokei maombi wakati wote na hutaka taasisi yenye uzoefu wa kusimamia fedha.

BintiLamu

Kaka Katibu, naandika kutoka Lamu, na ningependa utazame mfano wa jirani kabla ya kuandika chochote. Hati za Msikiti wa Riyadha wa hapa kwetu zilidijitishwa kwa ruzuku ya Endangered Archives Programme (EAP) aliyoitaja Mkutubi, katika mradi wenye namba EAP466. Vitabu vyenyewe havikuondoka Lamu. Kilichoenda London ni picha, na leo mwanafunzi wa Zanzibar au wa Uganda anaweza kuzisoma bila kulipa. Fungua orodha yake uone jinsi kila kitabu kilivyoelezwa, kwa sababu hivyo ndivyo mtakavyotakiwa kueleza vya kwenu: jina la mtunzi na la mnakili kama limeandikwa, tarehe ya Hijria, idadi ya kurasa, na hali ya karatasi.

Jambo ambalo hukulitaja, na ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko ufadhili, ni wakfu. Vitabu vya madrasa za mwambao mara nyingi vina maandishi ukurasa wa kwanza au wa mwisho yanayosema kwamba fulani amekifanya kitabu hiki wakfu kwa wanafunzi wa mahali fulani, kisiuzwe wala kisirithiwe. Kitabu cha namna hiyo si cha familia hata kama kimelala kwenu miaka sabini, na mfadhili atakapouliza nani ana haki ya kuruhusu picha zichapishwe mtandaoni, jibu litatofautiana kati ya kitabu kimoja na kingine. Pitieni kila kitabu, mtenge vyenye maandishi ya wakfu, kisha muwaite wazee wa msikiti wakubaliane kwa maandishi. Nimeona mradi mzuri ukikwama kwa sababu binamu mmoja aliyeko Mombasa alisikia habari mwishoni.

MzeeMakumbusho

Nimefanya kazi ya makumbusho hadi kustaafu, na nitasema lisilopendeza: msijenge jumba la makumbusho. Jengo huzinduliwa kwa shangwe, kisha huja bili ya umeme, mshahara wa mlinzi na paa la pili kuvuja, na hakuna mfadhili anayelipa hayo mwaka hadi mwaka. Mlicho nacho ni ghala lenye hatari, basi litibuni ghala.

Paa lizibwe kwa michango yenu wenyewe. Fedha ya mabati haihitaji andiko kwenda Ulaya, na mchango wa wenyeji ukionekana katika bajeti huwapa wafadhili imani. Mchwa hutoka ardhini, kwa hiyo wakatieni njia: rafu ziwe za chuma, zisimame mbali na ukuta, na kitu chochote kisiwekwe sakafuni. Msipulizie dawa ya wadudu juu ya karatasi. Wadudu waliomo ndani ya kitabu wanaweza kuuawa kwa baridi, kitabu kikiwa kimefungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki na kukaa wiki mbili kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, mradi friza hiyo haina samaki. Msitumie selotepu na msilaminishe hati hata moja, kwa kuwa madhara yake hayarekebishiki.

Kwa vifaa, ICCROM, yaani kituo cha kimataifa cha uhifadhi wa urithi, na UNESCO walibuni njia iitwayo RE-ORG ya kupanga upya ghala za makumbusho madogo yasiyo na fedha, na miongozo yake inapatikana bure. Mkiwa mmeifuata, mkapiga picha kabla na baada, mtakuwa na ushahidi kwamba mnaweza kutunza kitu. Wafadhili husoma ushahidi huo kabla ya kusoma maneno yenu matamu.

Kuhusu sheria, mwoneni Afisa Utamaduni wa Halmashauri mapema, na muulize Idara ya Mambo ya Kale vifaa vyenu vinaangukia wapi katika Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Barua moja ya Halmashauri inayosema «tunautambua mkusanyiko huu» ina uzito kuliko kurasa kumi za historia.

AbuSalim

Niko Muscat, asili yangu ni Tanga. Kwa nini msizungumze na Oman? Serikali ya huku imegharamia kazi za urithi Zanzibar, na hali ya hewa ya ghala za huku haina unyevu wa Pangani. Hati zikikaa huku zitadumu.

MzeeMakumbusho

Ndugu AbuSalim, kuomba fedha Oman ni sawa kabisa. Kuhamisha hati ni jambo jingine, kwa sababu vitu vya kale havitoki nchini bila kibali, na hati za mashamba ya Pangani zikiwa Muscat mjukuu wa aliyeuza shamba atazisoma lini? Kumbuka pia kwamba jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar liliporomoka Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati uliokuwa na fedha za Oman. Fedha peke yake haikulizuia.

AbuSalim

Nimekuelewa, mzee, ingawa hati iliyoliwa na mchwa nayo haisomwi na mjukuu wa mtu. Nitauliza huku kama kuna anayeweza kulipia rafu za chuma.

MwanaPangani

Nawashukuru sana. Mzee wangu, shikamoo. Jengo tumeliweka kando, na yule mshauri tumemjibu kwamba hatuendelei naye.

Wazee wetu wameleta hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba baadhi ya barua zinataja madeni, talaka, na nasaba za watu ambao mababu zao walikuwa watumwa, na wajukuu wa pande zote wanaishi mtaa mmoja hapa. Ya pili ni vitabu vya kinga na uganga, ambavyo hawataki viwe wazi kwa kila mtu. Je, mfadhili atakubali tufiche baadhi?

BintiLamu

Kaka, kinachodijitishwa mnakichagua ninyi. Programu ile ya British Library hutaka kilichopigwa picha kwa fedha zake kiwe wazi kwa watafiti, hivyo barua msiyotaka isomwe na jirani msiiingize katika orodha ya kazi, badala ya kuiingiza kisha mkaomba ifichwe. Zipigeni picha hizo kwa simu nzuri, kwa gharama zenu, zibaki kwa kamati. Vitabu vya kinga mimi ningeviacha kabisa mpaka wazee wenyewe wabadili shauri.

Mkutubi

Naunga mkono, kwa tofauti moja: msiondoe barua nyingi mno, kwa sababu nguvu ya ombi lenu imo ndani ya barua hizo. Hati na vitabu vya Kiarabu vya Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar viliingizwa katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 2003, na msomaji wa ombi lenu atauliza Pangani inaongeza nini. Vitabu vya fiqhi vinavyofanana viko kila mahali mwambaoni, lakini barua ya mfanyabiashara wa Pangani kwa Kiswahili kuhusu bei ya nazi haipatikani pengine. Anzeni andiko na hiyo.

Pia nakala moja ya picha zote ibaki Pangani na nyingine katika taasisi ya nchini, kwa mfano maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo tayari ina mkusanyiko wa miswada ya Kiswahili. Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa kimtandao na huduma zake nyingi zikazimika kwa miezi, kwa hiyo asiwepo wa kuwaambia kwamba nakala ya London inatosha.

MhasibuTanga

Nizungumzie usajili kwa kuwa umeulizwa na haujajibiwa. Ruzuku hizi hulipwa kwa taasisi yenye akaunti ya benki na hesabu zinazokaguliwa, si kwa kamati ya familia. Mna njia mbili. Mnaweza kusajili bodi ya wadhamini kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, au asasi isiyo ya kiserikali kwa Msajili, ambapo mtawajibika kutoa taarifa kila mwaka, na mikataba ya fedha inayozidi shilingi milioni 20 itawasilishwa Hazina na kwa Msajili. Au, kwa ruzuku hii ya kwanza, mwombeni mwenyeji, chuo au makumbusho ya umma, apokee fedha kwa niaba yenu. Mimi ningechagua mwenyeji, huku usajili ukiendelea polepole.

Katika mkataba na mwenyeji andikeni mapema ni asilimia ngapi atakata kwa uendeshaji, na kamera na kompyuta zitabaki kwa nani mradi ukiisha. Bajeti ipangwe kwa sarafu ya mfadhili, yenye fungu la tofauti ya ubadilishaji na makato ya benki, na mishahara iwe ya wapiga picha na mtu anayeweza kusoma hati hizo. Huyo wa mwisho ni adimu, naye hulipwa kidogo kuliko anavyostahili.

MwanaPangani

Tunaye msomaji mmoja, mjukuu wa mwalimu mwenyewe, na ameshaanza kuandika orodha kwenye daftari. Je, daftari linatosha kwa muhtasari wa kwanza, au ni lazima iwe kwenye kompyuta?

Mkutubi

Daftari linatosha kwa kuanzia, ila kila kitu kipewe namba moja ambayo haitabadilika, iandikwe kwa penseli laini kwenye kikaratasi kinachowekwa ndani ya kitabu, si juu ya ukurasa wenyewe. Akifika vitu hamsini nitumie picha za kurasa za daftari kwa ujumbe wa faragha, nikusaidie kuzihamishia kwenye jedwali kwa mpangilio unaotakiwa.